Maonesho ya Ajira si Mahali pa Kuchukuliwa



Juma hili tumeona vema kutafakari jambo linalojitokeza mara kwa mara katika mazungumzo yetu na vijana waliohitimu masomo pamoja na wazazi wao, nalo ni maonesho ya ajira. Nyanda zetu za Juu Kusini zimejaliwa vyuo vingi. Mbeya kuna Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia, Mzumbe, Chuo Kikuu Katoliki na Teofilo Kisanji. Iringa kuna Mkwawa, Ruaha na Chuo Kikuu cha Iringa. Na VETA ipo katika mikoa yote miwili. Basi maonesho yanapotangazwa, kijana huazima nauli, huvaa koti la kaka yake, hutoa nakala ishirini za wasifu wake, hupanga foleni toka asubuhi, huacha bahasha ya kaki katika kila banda, na jioni hurejea nyumbani amechoka. Mlangoni hukutana na swali moja tu: "Haya, wamekuchukua?"

Swali hilo huulizwa kwa upendo, wala hatumlaumu mzazi anayeliuliza. Mara nyingi ni yeye aliyeuza mahindi ili ada ilipwe. Hata hivyo tunaona kwamba neno hilo, kuchukuliwa, ndilo linalowaponza vijana wetu kabla hata hawajaondoka nyumbani. Kijana aendaye kuchukuliwa husimama mbele ya meza kama gunia linalosubiri mnunuzi. Hana la kuuliza, hana la kueleza, na asipochukuliwa huona kwamba siku imepotea.

Neno lenyewe lina historia katika nchi hii yetu. Wazee wa Njombe, Mbeya na Rungwe wanaikumbuka vema. Mwaka 1944 wenye mashamba ya mkonge walianzisha ofisi ya kuajiri vibarua iliyojulikana kwa jina la SILABU, nayo ilisomba watu kutoka nyanda hizi kuwapeleka kwenye mkonge, Tanga na kwingineko. Hao ndio waliopewa jina la manamba, kwa sababu kila mmoja alikuwa namba. Wengine walichukuliwa na WENELA kwenda migodi ya dhahabu ya Afrika Kusini, biashara ambayo Serikali ya Tanganyika huru iliisimamisha. Mwajiri wa siku zile alitafuta mikono. Hakumwuliza mtu anajua nini wala anafikiri nini. Alimtazama mabega, akampa namba, akampandisha kwenye lori. Huko ndiko kuchukuliwa hasa, na hatudhani kwamba kuna mzazi anayemtakia mwanawe hali ile.

Hata katika ule mfano wa Injili wa mwenye shamba la mizabibu, wale waliokuwa sokoni tangu asubuhi hadi jioni walikuwa na sifa moja ambayo mara nyingi tunaipita haraka: walikuwapo pale sokoni, na walipoulizwa walijibu. Mwenye shamba alizungumza nao. Mahubiri mengi juu ya mfano huo huishia kwenye ile dinari, na ni sawa, lakini kwa leo tuyatazame mazungumzo yale ya sokoni.

Maana maonesho ya ajira ni mazungumzo. Wako waumini wetu wanaofanya kazi katika idara za utumishi za makampuni na taasisi, nasi tumewauliza waziwazi: zile bahasha huishia wapi? Jibu lao linafanana. Huingia katika boksi, boksi hupandishwa gari, na likifika ofisini hukaa. Waajiri wengi siku hizi hupokea maombi kwa njia ya mtandao peke yake. Kwa utumishi wa umma, maombi hupitia mfumo wa Sekretarieti ya Ajira, na afisa aliyekaa bandani hana mamlaka ya kumwajiri mtu pale pale hata angempenda namna gani. Basi kijana aliyegawa bahasha ishirini bila kuzungumza na mtu amefanya kazi ya tarishi. Yule aliyezungumza na watu wanne kwa dakika kumi kila mmoja, akaondoka na majina yao katika daftari, ndiye aliyevuna.

Tukumbuke pia jinsi mlango wa matangazo ya jumla ulivyo mwembamba. Juni 2014 Idara ya Uhamiaji ilifanya usaili katika Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam, ambapo zaidi ya watu 10,000 waliitwa kugombea nafasi 70. Ni zaidi ya watu 140 kwa kila nafasi moja, wameketi kwenye viti vya mashabiki wa mpira. Picha zile ziliwahuzunisha wengi. Katika umati wa namna hiyo hakuna anayekufahamu. Faida ya maonesho, yakitumiwa vizuri, ni kwamba mtu mmoja kutoka ndani ya taasisi anapata kukusikia sauti na kukutazama usoni, jambo ambalo tangazo la gazeti haliwezi kukupa.

Sasa, kusikiwa kunahitaji maandalizi, na hapa tutakaa kidogo.

Jambo la kwanza ni kujua nani atakuwapo. Waandaaji huwa na orodha ya washiriki. Iulizwe mapema chuoni au kwenye ofisi husika, kisha kijana achague wanne au watano tu na kuwasoma. Anayetaka kuzungumza na kiwanda cha karatasi cha Mgololo, ajue kwamba uhai wa kiwanda hicho ni misitu ya kupandwa ya Mufindi, Sao Hill ikiwemo, na ajiulize mhasibu au fundi umeme ana nafasi gani katika safari ya gogo tangu msituni hadi kuwa karatasi. Anayetaka kampuni ya kahawa, ajue msimu wa Mbozi huanza lini na kazi gani huongezeka wakati huo. Anayetaka maziwa ya Iringa, chai ya Mufindi na Rungwe, au parachichi zinazosafirishwa nje, hali kadhalika. Huwa tunashangaa kuona kijana aliyezaliwa Tukuyu, aliyekulia katikati ya migomba na chai, akiulizwa chai ya kwao hufika vipi mnadani, anatazama chini. Maarifa hayo hayahitaji shahada. Yanahitaji kumwuliza mjomba anayechuma chai.

La pili ni kujieleza. Mtu aweze kusema kwa muda wa dakika moja yeye ni nani, amesoma nini, amewahi kufanya nini kwa mikono yake, na anatafuta nini. Hapo penye "amewahi kufanya nini" ndipo vijana wetu wanapojidharau bila sababu. Msichana aliyetunza vitabu vya fedha vya VIKOBA vya mama yake kwa miaka miwili amekwisha kuwa mhasibu. Aseme hivyo, na ataje idadi ya wanachama. Kijana aliyesimamia ukarabati wa paa la kigango amesimamia mradi. Wakiachiwa wenyewe huandika tu kwamba ni wachapakazi, wanaweza kufanya kazi chini ya shinikizo na wana ari ya kujituma, maneno ambayo afisa ameyasoma mara mia tatu tangu asubuhi na ambayo hayamwambii chochote.

Kuhusu lugha, wengi hutuuliza kama wazungumze Kiingereza. Tunashauri wajizoeze zote mbili nyumbani, kwa sauti, mbele ya mtu, maana baadhi ya meza zitaanza kwa Kiingereza ili kuwapima. Lakini kijana aanze kwa salamu ya kwetu. Si aibu kumwamkia mtu mzima shikamoo kabla ya kumweleza habari za shahada yako. Tumewaona maafisa wakilainika nyuso kwa neno hilo moja.

La tatu, ambalo kwetu ndilo kubwa kuliko yote, ni kuuliza. Kijana amwulize afisa: wahitimu mliowapokea mwaka jana walipungukiwa na nini? Maombi mnayapokea kwa njia gani na kwa miezi ipi? Mnapokea watu wa mafunzo ya uzoefu kazini? Nikitaka kuandika barua, nimwandikie nani, kwa cheo gani? Swali la kwanza kati ya hayo lina thamani ya nauli yote. Akijibiwa kwamba wahitimu wengi hawajui kutumia majedwali ya hesabu ya kompyuta, au kwamba hakuna mwenye leseni ya udereva, basi kijana amepata kazi ya kufanya kwa miezi mitatu ijayo, na akirudi mwakani atakuwa mtu mwingine mbele ya meza ile ile. Aandike majibu katika daftari pale pale, asitegemee kumbukumbu. Kisha ndani ya siku mbili atume ujumbe mfupi wa shukrani, akikumbusha walichozungumza. Ni wachache mno wanaofanya hivyo, na ndiyo sababu anayefanya hukumbukwa.

Madogo mengine tuyapite upesi. Wasifu uwe mfupi, ukurasa mmoja au miwili. Namba ya simu iwe inayopatikana. Wengi hubadili laini kila mara wanapopata ofa mpya, na mwajiri akipiga hakuna mtu. Barua pepe iwe na jina la ubatizo na la ukoo, si lile la utani la shuleni. Na vyeti halisi visiachwe bandani kamwe, hata kwa nusu saa.

Hapa tunafika mahali panapotuumiza. Penye wenye njaa ya kazi hufika pia wenye njaa ya fedha zao. Tunamfahamu mama mmoja aliyeuza mahindi ya akiba, chakula cha nyumba hadi mavuno, ili kulipa kile alichoambiwa ni ada ya fomu, kisha ada ya vipimo vya afya, kisha ya sare za kazi. Kazi haikuwako. Simu ilizimwa. Familia ile ilikula kwa msaada wa jumuiya ndogo ndogo kuanzia Januari hadi mahindi mabichi yalipotoka, na binti aliyekuwa ametafutiwa kazi hiyo aliona aibu kuja kanisani kwa muda mrefu, kana kwamba yeye ndiye aliyeiba.

Tuseme wazi, na tunawaomba viongozi wa jumuiya walirudie hili katika kila mkutano: kazi ya kweli hainunuliwi. Sekretarieti ya Ajira haitozi mwombaji hata shilingi. Mkataba namba 181 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa mwaka 1997, umeweka kanuni kwamba wakala binafsi wa ajira hatakiwi kumtoza mtafuta kazi, si moja kwa moja wala kwa njia ya kuzunguka. Hapa nchini wakala wa ajira lazima awe na kibali cha Serikali, na mtu anaweza kuulizia hilo Serikalini kabla hajatoa namba yake ya NIDA kwa mtu asiyemjua. Anayekwambia kwamba nafasi zimebaki mbili na utume fedha kabla ya saa kumi, anakukimbiza ili usipate nafasi ya kumwuliza mtu.

Kwa binti zetu tuna neno la ziada. Usaili hufanyika ofisini, mchana. Anayekuita nyumba ya wageni jioni ili "mwongelee vizuri" hana kazi ya kukupa, na hata kama angekuwa nayo, anachotaka ni kosa la jinai chini ya kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007. Namba ya TAKUKURU ni 113, na haitozwi.

Tugeukie upande wa pili wa meza, kwa maana si haki mzigo wote kuwekwa kwa kijana. Baba Mtakatifu Yohane Paulo II, katika waraka wake juu ya kazi ya binadamu wa Septemba 1981, alizungumza juu ya mwajiri asiye wa moja kwa moja, yaani watu, taasisi na taratibu zote ambazo, ingawa haziandiki mkataba na mfanyakazi, ndizo zinazoamua kama atapata kazi na kwa masharti gani. Waandaaji wa maonesho wamo humo, na vyuo vimo, na makampuni yanayokuja kugawa kalamu na mifuko yenye nembo ilhali hayana nafasi hata moja mwaka ule, yamo pia. Kwa maoni yetu lingekuwa jambo la heshima kila banda likaweka ubao unaosema: mwaka huu tutaajiri watu kadhaa wa aina hii, au mwaka huu hatuajiri, ila tunapokea wanafunzi wa mafunzo. Kijana aliyetoka Kilolo au Makete kwa nauli ya kukopa anastahili kuujua ukweli huo kabla hajapanga foleni ya saa mbili juani. Na ninyi wapendwa mlio na karakana, maduka ya pembejeo, shule na zahanati humu parokiani, mnaolalamika kwetu kwamba hampati wafanyakazi waaminifu: lini mlisimama mbele ya vijana mkasema mnahitaji mtu wa namna gani?

Twende sasa kwenye maonesho makubwa kuliko yote katika kanda yetu, ambayo ajabu ni kwamba hakuna anayeyaita ya ajira. Kila mwaka, kuanzia tarehe 1 hadi 8 Agosti, viwanja vya John Mwakangale hapa Mbeya hujaa kwa ajili ya Nane Nane. Mwaka 2022 na 2023 hata sherehe za kitaifa zilifanyika hapo. Kwa siku nane hukusanyika mahali pamoja watafiti wa Uyole, SIDO, VETA, vyuo vikuu, benki, wauza mbegu na mbolea, wenye matrekta, wasindikaji wa maziwa na matunda, na halmashauri za mikoa yote ya kanda, Iringa na Mbeya zikiwemo. Vijana wetu huenda Nane Nane, tena kwa wingi, lakini huenda tarehe nane yenyewe, jioni, kutazama ng'ombe wakubwa, kusikiliza muziki na kula nyama choma. Hatuwakatazi.

Ila tunawaambia hivi: nendeni tarehe mbili au tatu, asubuhi, siku ya kazi. Wakati huo wataalamu wapo bandani, wameamka na nguvu, wageni bado ni wachache, na kwa kuwa hakuna anayewapa bahasha, hawajachoka kuulizwa. Hapo utamkuta fundi wa kampuni ya matrekta akiwa huru kukueleza kwamba anazunguka kutoka Mbarali hadi Ismani wakati wa kulima na hana msaidizi. Utamkuta mwenye kiwanda kidogo cha kusindika alizeti ambaye hajui kutunza hesabu, wala hajawahi kufikiria kutangaza nafasi ya mhasibu, lakini akikusikiliza kwa nusu saa ataanza kufikiri. Katika mkoa wa wakulima na wafanyabiashara wadogo, nafasi nyingi za kazi hazijaandikwa mahali popote. Ziko ndani ya shida za mtu ambaye hajakutana na wewe. Kwa walio Iringa ni mwendo wa zaidi ya kilometa 300, na anayeweza afikie kwa ndugu Uyole, akae siku mbili.

Aidha tusiwasahau wasio na vyeti. Fundi aliyejifunzia kazi gereji za Mwanjelwa kwa miaka sita hujiona hana la kufanya penye maonesho, kwa kuwa hana karatasi. Huyu aende moja kwa moja kwenye banda la VETA na kuulizia urasimishaji wa ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi. Upo utaratibu wa kumpima mtu kwa kazi anayoiweza na kumpatia cheti, na wengi wanaostahili hawajausikia.

Wazazi nao wana sehemu yao. Kijana akirudi jioni, badala ya lile swali la mlangoni, aulizwe amezungumza na nani, amejifunza nini kipya juu ya kazi aliyoisomea, na nani amemwahidi kumjibu. Tena aulizwe baada ya kula, kwa utulivu, naye baba awepo. Tumeona nyumba ambamo kijana aliyemaliza chuo miaka mitatu iliyopita hawezi tena kukaa sebuleni kwa sababu kila mgeni anayeingia anauliza kama ameshachukuliwa. Wengine huanza kusema uongo, kwamba wameitwa mahali, kwamba wanasubiri barua; na uongo huo ukishaanza ni vigumu kijana kuomba ushauri kwa yeyote.

Kwa wale walio karibu, ofisi ya parokia itakuwa wazi Jumanne na Alhamisi jioni, baada ya Misa, hadi saa mbili usiku. Wamo walimu wawili wastaafu na mama mmoja aliyefanya kazi ya utumishi kwa miaka mingi, ambao wamekubali kusoma wasifu wa kijana yeyote, na kuketi mezani kama maafisa ili ajizoeze kuzungumza. Hakuna malipo, na dhehebu haliulizwi. Njoo na daftari, na majina ya waajiri watatu unaotaka kuwaendea.